Kutoka miche 62 ya Kikogwe hadi mashindano ya kubuni jenomu

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Mingi ilikufa safarini. Iliyofika hai kwenye pwani yetu ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Huo ndio mwanzo wa mashamba yaliyoijaza Tanga.

Mkonge hauhitaji mbegu ili uzaliane. Huchipua shinani, na juu ya mlingoti wake huota vichipukizi vinavyodondoka vikiwa tayari na mizizi. Kila mche ni pacha wa mzazi wake. Aliyetaka mkonge wenye majani mengi zaidi alilazimika kupandisha aina mbili tofauti, na hapo ndipo kazi ilipokuwa nzito: mmea hutoa maua mara moja tu maishani, baada ya miaka mingi, kisha hufa. Watafiti wa vituo vya Amani na Mlingano walivumilia. Walichanganya Agave amaniensis, iliyopewa jina la Amani yenyewe, na Agave angustifolia, kisha wakaupandisha tena uzao huo na amaniensis. Akapatikana chotara namba 11648, anayetoa majani zaidi ya mara mbili ya mkonge wa kawaida. Leo ndiye anayetawala mashamba ya mkonge ya China.

Kazi ya namna hiyo sasa inaweza kuanzia kwenye kompyuta. Mwaka 2004 vyuo vikuu vitano vya Marekani vilishindana katika iGEM, shindano la kubadili viumbe vidogo kwa vipande vya DNA, ambalo baadaye lilifungua milango kwa timu za programu. Mwaka 2010 taasisi ya RIKEN ya Japani ikaanzisha GenoCon: washiriki, wakiwemo wanafunzi wa sekondari, walitakiwa kubuni DNA ya kuuwezesha mmea mdogo wa Arabidopsis kusafisha formaldehaidi hewani. Katika kubuni DNA kwa kompyuta namna hii, programu huria zina uzito, kwa kuwa yeyote anaweza kuzichukua, kuzikagua na kuziboresha bila kulipia leseni.

Nchi iliyomzaa 11648 isiridhike kutazama tu. Walimu wa baiolojia na wa kompyuta wa Pangani, Muheza na Korogwe, waketisheni wanafunzi wenu pamoja, muwape mkonge uwe tatizo lao la kwanza.