Mji Uliokosa Kina

Abiria wa meli ya kitalii aliyeshuka Dar es Salaam kwa siku moja, akitaka kuona mji wa Kizungu wa zamani, hupelekwa Bagamoyo kwa gari, kilomita 70 hivi kaskazini. Meli yake haiwezi kumfikisha. Ufuko wa Bagamoyo una maji haba. Yakipwa, mchanga hutokeza hadi mbali na mashua hulala ubavu.

Enzi za majahazi hilo halikumsumbua mtu. Nahodha aliingia maji yakijaa, akangoja yapwe, wapagazi wakapakua kwa miguu. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara, vitambaa na shanga vikapanda. Februari 1874 akina Chuma na Susi, watumishi wa mvumbuzi Mwingereza Livingstone, waliufikisha hapa mwili wa bwana wao, ukapokewa kwenye misheni ya Wakatoliki iliyofunguliwa mwaka 1868, kisha manowari ya Kiingereza ikauvusha hadi Unguja.

Desemba 1889 mvumbuzi Stanley alimleta Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Equatoria, jimbo la kusini mwa Sudan. Usiku wa kufika kwao ikaandaliwa karamu ghorofani. Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akaanguka kutoka juu hadi barabarani na kupasuka kichwa. Alipona. Safari yote kutoka Equatoria aliimaliza salama, akaja kuangushwa na karamu!

Wajerumani waliufanya mji huu makao makuu ya koloni lao. Lakini stima si jahazi: haikai juu ya mchanga. Mwaka 1891 serikali ikahamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Boma ambalo mgeni hulipiga picha leo, lenye meno ukingoni kama ngome ya Ulaya, lilijengwa mwaka 1897, makao makuu yakiwa yamekwishahama miaka sita.

Na Uzungu wenyewe ni wa juujuu. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mtaa wa India, mgeni akiingia nyumba ya zamani na kuinua macho darini, ataona boriti za mikoko zimepangwa sambamba. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu kama ushoroba.

Jioni dereva huanza kupiga honi. Meli haimngoji mtu. Pale ufukweni, karibu na forodha ya Wajerumani, maji yamepwa tena. Wachukuzi wanatembea majini kutoka kwenye mashua, matenga ya samaki kichwani, na mnada umeshaanza.