Magugu Maji ya Ziwa Letu, na Dawa Iliyochaguliwa

Viongozi wa vikundi, hakikisheni kwamba kila mtu anasikia vizuri, na wenye karatasi hii waifungue mbele yao. Somo letu la leo ni la historia. Lakini si historia ya wafalme wala ya vita vya watu. Ni historia ya mmea mmoja ulioingia katika Ziwa Viktoria, na ya uamuzi mkubwa uliofanywa juu ya maji tunayokunywa.

1. Mgeni mwenye ua zuri

Mmea wenyewe ni magugu maji. Huelea juu ya maji. Vikonyo vya majani yake vimevimba kama vibuyu vidogo vilivyojaa hewa, na ua lake ni la zambarau. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu wa nchi nyingine walilipenda ua hilo, wakalichukua ili kupamba mabwawa yao. Kutoka mabwawani likaingia mitoni. Katika miaka ya 1950 lilienea katika mto Kongo, na mwaka 1958 likaonekana katika mto Naili huko Sudan. Hapa kwetu lilionekana kwanza katika mkoa wa Tanga, katika mito ya Sigi na Pangani.

Katika Ziwa Viktoria watu walianza kuyaona magugu haya kwenye mwaka 1989 na 1990. Njia yake mojawapo ni mto Kagera, ambao hukusanya maji ya Rwanda na Burundi, hupita katika mkoa wetu, kisha huingia ziwani upande wa Uganda, karibu na mpaka.

Magugu yakipata maji yenye rutuba, yaweza kuongezeka maradufu kwa majuma mawili tu. Hebu tufanye hesabu. Leo ni ekari 1. Baada ya majuma mawili ni ekari 2. Baada ya majuma manne ni ekari 4. Baada ya majuma manane ni ekari 16. Kwa namna hiyo, kufikia mwaka 1998 magugu yalifunika zaidi ya hekta 15,000 za ziwa, yaani zaidi ya ekari 37,000.

Hasara yake ilikuwa kubwa. Mitumbwi ilishindwa kutoka, na nyavu zilinaswa. Meli zilipata taabu bandarini. Huko Jinja magugu yalisumbua mitambo ya umeme. Chini ya magugu hewa ya majini ilipungua, na konokono wenye kueneza kichocho walipata makazi.

2. Tutie dawa, au tusitie?

Watu walijaribu kwanza kuyang'oa kwa mikono, kwa mapanga na reki. Kazi hiyo ilisafisha mialo, lakini upepo mmoja wa usiku uliyarudisha magugu mengine. Ndipo wengine wakasema, “Tunyunyizie dawa ya kuua magugu.” Dawa hizo zilikuwapo, nazo huua upesi. Huko Kongo na Sudan zilikuwa zimetumika, na magugu yakaota tena.

Tufikiri kwa mfano. Wako watu wanaofuga samaki na matumbawe ya baharini katika sanduku la kioo. Mwani ukiota juu ya tumbawe, hulitoa na kulichovya kwa dakika chache katika maji yenye dawa iitwayo haidrojeni peroksaidi, ile itoayo povu ikitiwa juu ya kidonda. Kisha hulisuuza na kulirudisha. Hapo dawa hupimwa kwa tone, na hakuna anywaye maji yale.

Lakini ziwa haliwezi kutolewa na kusuuzwa. Akina mama huteka maji humo kwa ndoo. Miji ya pwani, Bukoba ikiwemo, hunywa maji yake. Samaki wake, sato, sangara na dagaa, ndio kitoweo na fedha za watu. Tena magugu mengi yakifa kwa mara moja huoza na kumaliza hewa ya majini. Kwa hiyo wengi waliiogopa dawa. Mambo ya baadaye yalionyesha kwamba hofu hiyo haikuwa bure. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilikataa kwa muda samaki wa ziwa hili, kwa sababu wako wavuvi waliotia sumu majini ili kuua samaki. Kosa la wachache liliwaumiza wote.

3. Fukusi wa magugu

Njia iliyochaguliwa ilikuwa mdudu. Kila mwenye kibanja anamjua fukusi wa migomba, naye humchukia. Basi huyu naye ni fukusi, lakini wa namna nyingine. Hafiki urefu wa punje ya mchele, na asili yake ni Amerika ya Kusini, huko huko yalikotoka magugu. Mkubwa hutafuna jani. Mtoto wake hutoboa kikonyo mpaka moyo wa mmea. Maji na uozo huingia, na mmea huzama.

Bila shaka mwenye migomba atauliza, “Akimaliza magugu, je, hatakuja shambani?” Swali hilo ni la busara, nalo liliulizwa mapema. Kabla ya fukusi hawa kuachiwa huko Marekani mwaka 1972, walijaribiwa juu ya mimea mingi, mazao ya chakula yakiwemo. Chakula chao ni magugu maji. Yakikosekana, hufa.

Uganda iliwaachia katika ziwa Kyoga mwaka 1993, na katika Ziwa Viktoria mwaka 1995. Kenya na Tanzania ziliwaachia ziwani mwaka 1997. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya magugu ilikuwa imetoweka. Wako wataalamu wanaosema kwamba mvua kubwa na mawimbi ya 1997 na 1998 vilisaidia sana. Wengine huwapa fukusi sifa iliyo kubwa zaidi.

4. Kazi iliyobaki

Hata hivyo magugu hayakwisha. Mbegu zake huweza kukaa matopeni miaka mingi, na mto Kagera huleta mengine. Tena magugu hulishwa na sisi wenyewe: udongo uliochukuliwa na mvua, mbolea, na uchafu wa vyoo na wa mji. Mto Kanoni, upitao mjini Bukoba, humwaga ziwani kila unachopewa. Fukusi hula magugu, lakini hawawezi kuzuia chakula cha magugu. Hiyo ni kazi ya watu. Tupande majani kwenye kingo, tuchimbe vyoo mbali na mto, na tusichukue ua hili kwenda kupamba nyumbani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini dawa ifaayo katika sanduku la kioo haifai ziwani?
2. Ekari 1 ikiongezeka maradufu kila majuma mawili, zitakuwa ekari ngapi baada ya majuma kumi?
3. Maji machafu ya mtaa wenu huenda wapi? Fuateni mfereji mmoja kwa miguu, kisha mwelezane mlichoona.