Mkasi wa Kinyozi

Ukimtajia mtu mabinti wa Marekani wa miaka ya 1920, wale walioitwa flapper, atakwambia gauni fupi la shanga, sigara na muziki wa jazi. Mimi nami nilijua hivyo hivyo, mpaka nilipotaka kuandika hadithi ya binti mmoja wa aina hiyo nikakwama. Nikaanza kusoma. Kumbe kasheshe kubwa majumbani ilikuwa nywele.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mwanamke wa heshima kule hakukata nywele. Alizifuga, akazifunga juu ya kichwa, na kiunoni akajibana na koseti hata kupumua ikawa kazi. Ghafla mabinti wakaanza kuzikata usawa wa masikio. Wasusi wengi wa kike hawakuujua mtindo huo, wengine hawakutaka hata kuusikia, basi mabinti wakaenda kwa vinyozi wa kiume. Hebu fikiria, msomaji: kibandani wanaume wanapiga soga, binti anaingia, anakaa kitini, anasema, kata.

F. Scott Fitzgerald alikuwa na miaka 23 tu (sisi tunaolalamika kwamba bado wadogo tusikie!) jarida la Saturday Evening Post lilipotoa hadithi yake "Bernice Bobs Her Hair", Mei 1920. Bernice anatania kwamba atanyoa, binamu yake anamchokoza mbele ya watu, anaona aibu kurudi nyuma, ananyolewa. Wavulana waliokuwa wakimzunguka wanampa kisogo. Usiku anazikata nywele za yule binamu akiwa usingizini, kisha anatoroka. Hakuna aliyekufa, lakini mimi niliisoma moyo ukinidunda.

Agosti mwaka huohuo katiba ya Marekani ikakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ni mwanamke, ingawa wanawake weusi wa Kusini waliendelea kuzuiwa miaka mingi. Gauni nalo likalegea, kiuno kikashuka hadi nyongani, na pindo likafika magotini mnamo 1926 na 1927. Kule Paris, Coco Chanel alishona nguo za kike kwa jezi, kitambaa kilichozoeleka kwa nguo za ndani za kiume. Ebo! Na wateja wakanunua.

Wanaume je? Wanafunzi wa Oxford mwaka 1925 walivaa suruali pana ambazo bugaluu za miaka ya 1970 kwake cha mtoto. Lakini kinachonichekesha ni New York. Desturi ilitaka kofia za mabua ziwekwe kando ifikapo Septemba 15. Mwaka 1922 vijana hawakungoja. Tarehe 13 wakaanza kuwapora watu kofia na kuzikanyaga, na ghasia zikaendelea siku kadhaa. Mwaka 1924 mtu mmoja aliuawa kwa ajili ya kofia. Halafu eti wanawake ndio wenye wazimu wa mitindo!

Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaporomoka, na pindo za magauni nazo zikashuka tena. Nywele hazikurudi kiunoni.

Hadithi yangu sasa imesogea. Binti amekaa kitini, kinyozi ameshika mkasi anamuuliza kama baba yake anajua.