Picha Moja, Miisho Miwili

Kila tulipowasha deki, marehemu babu yangu alikuwa na kauli yake: "Hiyo si picha, wajukuu zangu. Hicho ni kivuli cha picha." Kisha huyoo, anakwenda zake barazani. Sisi tunacheka. Picha si ile ile bwana?

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa Sholay. Msomaji, kama hujaiona, jua tu kwamba ni picha ya Kihindi ya mwaka 1975, aliyoiongoza Ramesh Sippy, na ndani yake steringi anakufa. Ndiyo, anakufa! Jai, yaani Amitabh Bachchan, na ile sarafu yake yenye sura moja pande zote mbili. Babu aliiona ukumbini, mjini Dar es Salaam, akiwa kijana. Enzi hizo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, ilikuja kuipata 1994. Picha ikishaondoka ukumbini, imekwenda. Ukiitaka tena, ungoje irudishwe. Ndiyo maana Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilirudi kumbini mara nyingi na watu wakapanga foleni upya, ingawa nyimbo walikwisha kuzihifadhi. Mtu aliiona na mchumba, ikarudi akaiona na mke, ikarudi tena akaja na watoto.

Babu akisimulia, alinyoosha mikono yote miwili kuonyesha upana wa pazia. Na kweli, Sholay ilitengenezewa mkanda mpana wa milimita 70, wenye njia sita za sauti. Kule Bombay ukumbi wa Minerva uliionyesha zaidi ya miaka mitano. Sasa hebu iweke hiyo kwenye runinga yetu ya inchi 21! Pembeni imekatwa, wale wawili kwenye pikipiki mmoja kabaki bega. Gabbar anatembea juu ya mawe, buti zinalia, mara mama anaita mtu akachukue mkaa. Umeme nao unakatika.

Usiku mmoja, mwaka 2014, wageni walikuwepo na babu akakaa mpaka mwisho. Kwenye DVD yetu Thakur, yule asiye na mikono, anamuua Gabbar kwa miguu. Babu akashtuka. "Mwisho huu mmeutoa wapi? Polisi wanafika. Wanamzuia, Gabbar anakamatwa."

Mimi, kidato cha pili wakati huo, mdomo hauna breki: "Babu umesahau. Uzee huo." Watu wakaangua kicheko. Babu akachukua kofia yake, akatoka. Hakukaa tena nasi kuangalia picha. Alifariki 2019.

Kumbe hakusahau kitu. Juni 1975 serikali ya Indira Gandhi ilitangaza hali ya hatari India, na Sholay ilitoka Agosti 15 mwaka ule ule. Wadhibiti wa filamu hawakutaka kuona ofisa wa zamani wa polisi akijichukulia sheria mkononi. Sippy akalazimika kupiga mwisho mwingine, polisi wakatiwa ndani. Huo ndio uliokwenda kumbini, ndio alioushangilia babu. Mwisho wa kwanza ulikuja kuzunguka baadaye kwenye kanda za video na DVD. Yaani kile kivuli cha picha ndicho kilichouhifadhi! Ukumbi ulimpa babu upana na sauti na mamia ya watu wanaopiga miluzi, ukamnyima mwisho. Mimi nikapewa mwisho kwenye kisanduku, nikajiona mjuzi.

Juni 27, 2025 Sholay iliyosafishwa upya ilionyeshwa uwanjani, pazia kubwa, mjini Bologna, Italia, na mwisho wake wa kwanza ukiwemo. Desemba 12 ikarudi kumbini India. Kazi haikuwa ndogo, maana mkanda wa awali uliotoka kwenye kamera ulikuwa umeharibika vibaya. Nimesoma habari hizo mara tatu nne, nikihesabu: miaka 50 ndipo upana wa babu na mwisho wangu vimekaa pazia moja.

Mimi sijaiona hivyo. Ikiletwa huku nitatafuta nauli na kiingilio, nitakaa viti vya mbele kabisa, vya bei rahisi, alivyokuwa akikaa yeye. Kofia yake iko kwa mama. DVD ninayo bado, lakini tangu nisome habari ile sijaitia kwenye deki.