UZI: Je, nchi zote zitafika mahali zitumie dunia kwa kiwango sawa?

1/ Kwenye mijadala ya siasa nasikia hoja mbili kila mara. Ya kwanza: "Sote tunaharibu dunia, kila mtu apunguze." Ya pili: "Wao walichafua wakatajirika, nasi tuachwe tuchafue." Zote zinachukulia kwamba mwishowe tutafanana. Hebu tuangalie historia.

2/ Mapema miaka ya 1990, William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel, wakiwa chuo kikuu huko Kanada, walibuni kipimo cha unyayo wa kiikolojia. Yaani: ardhi na bahari kiasi gani inahitajika kukupa chakula, mbao na nguo, na kufyonza moshi wako? Hupimwa kwa hekta za dunia.

3/ Mmarekani wa kawaida anatumia kama hekta 8. Mkenya, kama 1. Tukigawana dunia sawasawa, kila mtu angepata kama hekta moja na nusu.

4/ Pengo linapungua? Inategemea unamwangalia nani. Mchina alikuwa karibu na hekta 1 mwaka 1961. Leo amepita 3. Nchi nyingi za Ulaya zimeshuka kidogo tangu msukosuko wa fedha wa 2008. Hao wanakaribiana. Lakini nchi nyingi maskini zimebaki karibu na 1. Ni kama matatu mbili zinazofukuzana karibu na Meru mjini, na ya tatu bado iko stendi Kianjai inaita abiria.

5/ Na kwetu? Sensa ya 1969 ilihesabu karibu watu milioni 11. Ya 2019, zaidi ya milioni 47. Ardhi ni ile ile. Kwa hiyo hata kwa unyayo mdogo, tunatumia karibu mara mbili ya kile ardhi yetu inaweza kurudisha.

6/ Hii si hesabu ya darasani tu. Shamba la babu yangu hapa Kianjai limegawanywa kwa wanawe, miti ikakatwa kupisha mahindi. Shosho sasa ananunua kuni ambazo zamani aliokota. Juzi barazani akaambiwa "apunguze". Apunguze nini? Unyayo wa tajiri ni moshi zaidi. Wake ni chakula na kuni.

7/ Ndiyo maana Rio, 1992, nchi zilikubaliana kuwa wajibu ni wa wote lakini haulingani. Na Nairobi, Septemba 2023, viongozi wa Afrika waliomba kodi ya kaboni ya dunia nzima, ikigusa mafuta, meli na ndege.

8/ Lakini hoja ya pili nayo haisimami. Umeme wetu mwingi unatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Si lazima kila anayeinuka apitie kwenye moshi.

9/ Kufanana hakuji kwenyewe kama mvua ya Oktoba. Kuna wa kushuka na kuna wa kupanda, na hayo huamuliwa na watu. Hata ndani ya Kenya, wastani wa hekta 1 unamweka shosho kapu moja na mwenye helikopta.

10/ Basi mgombea akikuambia "tupunguze", muulize: nani, kutoka ngapi, hadi ngapi? Mimi nitamuuliza kwa niaba ya shosho.