SHABAHA: Bunduki, Upinde na Historia ya Kwetu Shinyanga

Nawaomba mkae karibu na redio. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno moja kwa herufi kubwa: SHABAHA. Ndugu mnaoanza kusoma, likateni vipande vitatu: sha-ba-ha. Shabaha ni kitu anachokilenga mtu mwenye bunduki au upinde. Shabaha pia ni kusudi alilo nalo mtu moyoni. Maana zote mbili tutazihitaji leo.

Wengi wenu mmepitia mafunzo ya mgambo, au mmewaona vijana wa Kahama, wa Geita au wa hapa Shinyanga wakipiga kwata uwanjani huku wameshika bunduki za mbao. Hufika siku wakapewa bunduki ya kweli. Hapo mkufunzi huwafundisha mambo machache, nayo ni magumu kuliko yanavyoonekana. Lala kifudifudi. Kitako cha bunduki kikae imara begani. Jicho, kilengeo na shabaha viwe katika mstari mmoja. Vuta pumzi, itoe nusu, kisha izuie. Usikikwatue kifyatulio kwa ghafula, kibonyeze polepole. Mimi mwenyewe siku yangu ya kwanza nilipiga risasi tano, na ile karatasi ya shabaha ilibaki nzima kama ilivyotoka dukani. Niliogopa mlio, nikafumba macho kabla risasi haijatoka.

Baada ya uwanja, wanafunzi wale wale huketi chini ya mti wakafundishwa uraia na historia ya nchi. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza: Kwa nini mtu anayejifunza bunduki asumbuliwe na historia? Swali hilo ni zuri. Nitajaribu kulijibu kwa mambo yaliyotokea katika sehemu hizi zetu.

Tuanze na Mtemi Mirambo wa Urambo, magharibi ya Tabora. Siku zile bunduki ilikuwa gobore. Kupiga gobore ni kazi. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kwa mdeki, unatia risasi, unashindilia tena, unaweka fataki, ndipo unalenga. Mtu akikosa mara ya kwanza, adui mwenye mkuki ana nafasi ya kumfikia. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walikwenda kupigana na Mirambo, nao walikuwa na bunduki nyingi. Waliuteka mji wa Wilyankuru, wakajitwika pembe za ndovu na mateka, wakaanza kurudi. Mirambo aliwangojea njiani pamoja na rugaruga wake, wamejificha katika nyasi ndefu. Waarabu wengi na watu wao walikufa hapo. Shabaha yao ilikuwa imekwisha kubadilika: walikwenda kupigana, wakarudi wakilinda pembe. Lakini Mirambo naye alipokufa mwaka 1884, dola yake haikukaa muda mrefu. Bunduki zilibaki, ila ule umoja ulikuwa wa mtu mmoja, naye amekwenda.

Sasa turuke miaka mingi. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo. Januari ya mwaka huo Idi Amin alikuwa ameipindua serikali ya Uganda, jirani yetu. Mwongozo ulisema kwamba ulinzi wa nchi usiachiwe jeshi peke yake, bali wananchi wenyewe wafundishwe. Hivyo mgambo wakaenea vijijini na viwandani. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipovuka mpaka na kuingia Kagera, maelfu ya mgambo waliitwa kulisaidia jeshi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa.

Vita vilikwisha, lakini silaha si zote zilizorudi ghalani. Hapa ndipo historia inapoingia nyumbani kwetu. Miaka ile ya baada ya vita, wezi wa ng'ombe Usukumani na Unyamwezini walianza kuja usiku na bunduki. Nanyi mnajua ng'ombe ni nini kwa Msukuma. Ni mahari ya kijana, ni ada ya shule, ni akiba ya mwaka wa njaa. Mtu aliyeamka akakuta zizi tupu alikuwa amefilisika usiku mmoja. Polisi walikuwa wachache na mbali. Tena wanavijiji wengi walinung'unika kwamba mwizi akipelekwa kituoni Jumatatu, Ijumaa wanakutana naye mnadani.

Karibu na mwaka 1982, katika sehemu za Kahama na Shinyanga, wanavijiji walijiundia ulinzi wao. Waliuita Busalama, yaani usalama. Watu wakauita Sungusungu, kwa jina la wale chungu weusi wanaouma kwa pamoja. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na pinde na mishale, filimbi, na kitu kimoja cha zamani sana, mwano. Mwano ni yowe la hatari. Likipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu hutoka na silaha yake, na wa kijiji cha jirani hulipokea na kulipeleka mbele, mpaka njia zote zimezibwa. Asiyetoka hutozwa faini. Anayekaidi hutengwa: hapewi moto, haazimwi jembe, hazungumzishwi njiani. Wakachagua viongozi wao, na mkubwa wao wakamwita mtemi, ingawa utawala wa watemi ulikuwa umefutwa na serikali mwaka 1963. Sungusungu walienea upesi, mpaka Geita.

Fikirini jambo hili. Mwizi ana bunduki, anaweza kumwua mtu mmoja au wawili. Lakini nyuma yake kuna filimbi, mbele yake kuna filimbi, na ng'ombe hawakimbii kama gari. Wizi ulipungua sana. Mwalimu Nyerere na chama waliwaunga mkono.

Ningependa kuishia hapo, maana ni habari ya kujivunia. Lakini historia haitakiwi kukatwa pale inapopendeza.

Katika mikoa yetu kulikuwa na ugonjwa mwingine wa siku nyingi, nao ni kuwaua vikongwe kwa kuwashuku uchawi. Bibi mwenye macho mekundu alikuwa hatarini. Macho yale yaliletwa na moshi. Wakati wa utawala wa Waingereza misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili mbung'o wafe. Kuni zikawa adimu, akina mama wakapika kwa mavi ya ng'ombe makavu, miaka arobaini, hamsini, katika nyumba isiyo na dirisha. Malipo ya kazi hiyo yakawa panga usiku.

Mwaka 1976 serikali iliwakamata watu wengi wa Mwanza na Shinyanga kwa mauaji hayo. Shabaha ilikuwa njema. Lakini baadhi ya washukiwa waliteswa na maofisa wa dola, wengine wakafa wakiwa mahabusi. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, marehemu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa ajili hiyo, ingawa si yeye aliyewapiga. Ndiye aliyekuja kuwa Rais mwaka 1985.

Sungusungu nao walikuja wakateleza mahali pale pale. Wengine, walipomaliza wezi, waliwageukia wale walioitwa wachawi. Palikuwa na kupigwa, palikuwa na kufukuzwa kijijini, na palikuwa na vifo. Baadhi ya Sungusungu wakafikishwa mahakamani. Mwano ule ule uliomwokoa mwenye ng'ombe ulimzunguka bibi kizee asiye na mtu. Nadhani hilo ndilo jibu la yule mwanafunzi wangu. Mkufunzi wa uwanjani anaweza kukufundisha kulenga. Hawezi kukuambia kama aliyesimama mbele yako ni mwizi au ni mama wa mtu.

Mwaka 1989 Bunge lilipitisha sheria ya kuwaingiza Sungusungu chini ya sheria za mgambo. Wakapewa uwezo wa kukamata, na hapo hapo wakafungwa na sheria: anayekamatwa apelekwe kwenye vyombo vinavyohusika, asihukumiwe kichakani.

Mwalimu wa darasa, sasa unaweza kuzima redio na kuanza mazungumzo. Waulize walio na umri mkubwa: Mwano ulipopigwa katika kijiji chenu, nani aliyethibitisha kwamba aliyefukuzwa ndiye mkosaji? Na palipotokea kosa, nani aliulizwa? Wenye kuweza kuandika waandike sentensi mbili juu ya mtu waliyemwona akikamatwa, bila kutaja jina lake. Wiki ijayo leteni madaftari hayo.