Wino Mwekundu na Viungo vya Buluu

Wanakili wa Kurani wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, hawakutosheka na wino mweusi. Nakala zao zilizosalia kutoka karne ya 18 na ya 19 zimepambwa kwa nyekundu, nyeusi na manjano, na azifunguaye leo hahitaji kuambiwa sura inaanzia wapi: jicho hufika kabla ya ulimi. Rangi katika maandishi, basi, haikuletwa kwetu na kompyuta.

Asili yake ni ya mbali zaidi. Wanazuoni wanasimulia kwamba katika karne ya 7 Abul-Aswad ad-Du'ali wa Basra aliweka nukta za rangi juu, chini na kando ya herufi ili kuonyesha irabu. Zilifaa sana, ila zilimtaka mwandishi awe na wino wa aina mbili, na aliyenakili kwa wino mmoja hakuweza kuzitenga nukta hizo na nukta za herufi zenyewe. Katika karne iliyofuata Al-Khalil bin Ahmad, huyu huyu tunayemtaja kuwa mwasisi wa elimu ya arudhi, akabuni alama zenye maumbo yake: fat-ha, kasra na dhumma. Sasa irabu ilisomeka hata kwa wino mmoja. Sioni ajabu kwamba aliyepima mizani ya shairi ndiye aliyeona kuwa maana isitundikwe kwenye rangi peke yake.

Watunzi wa pwani waliandika tenzi zao kwa hati hiyo na alama hizo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, si mbali na hapa Kimara, ina hazina ya hati za Kiswahili na Kiarabu ambazo J. W. T. Allen alizichapishia orodha mwaka 1970. Hati yenye wino wa rangi ikipigwa picha kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, nyekundu hufanana na nyeusi, na kazi ya mnakili hupotea. Mashine ya chapa nayo iliipunguza rangi kwa sababu ya gharama: nyekundu ilidai karatasi ipite mashineni mara ya pili.

Rangi ilirudi kwa mlango mwingine. Donald Knuth alianza kuunda mfumo wa kupanga chapa uitwao TeX mwaka 1977. Leslie Lamport akaujengea LaTeX juu yake katika miaka ya 1980. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic kilivipa viungo rangi ya buluu na mstari chini yake, na desturi hiyo ingalipo. Katika muongo huo huo Sebastian Rahtz alianzisha hyperref, kifurushi kinachotia viungo katika nyaraka za LaTeX.

Apangaye diwani kwa mfumo huu, akiita hyperref bila kusema zaidi, atapata visanduku: vyekundu kwa viungo vya ndani, vya kijani kwa marejeo, vya samawati kwa anwani za mtandao. Ubeti uliofungwa katika visanduku unachukiza macho, ingawa kwa kawaida visanduku hivyo havitoki kwenye karatasi. Akiandika colorlinks=true katika amri ya hypersetup, visanduku huondoka na maneno yenyewe hupata rangi, nayo rangi hiyo huchapwa. Hapo ndipo achague mwenyewe: linkcolor kwa viungo vya ndani, citecolor kwa marejeo, urlcolor kwa anwani. Kifurushi cha xcolor humruhusu kuchanganya kama aliyekoroga wino: blue!50!black ni nusu buluu, nusu nyeusi.

Mimi huipendelea rangi hiyo iliyokoza. Diwani nyingi za malenga wetu leo hutumwa kwa simu, kisha mzee huzipeleka duka la steshenari akachapiwe kwa nyeusi, kwa kuwa ukurasa wa rangi una bei yake. Kijani kibichi kilichong'aa kwenye kioo hutoka kijivu hafifu, na neno lililobeba kina cha mwisho likafifia. Wapo pia wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Kwa wanaochapa, hyperref ina chaguo la ocgcolorlinks: rangi huonekana kwenye kioo, na karatasini maneno hutoka meusi.

Namba ya tanbihi iachwe mahali pake, juu kidogo ya neno, hata kama neno limetiwa rangi. Al-Khalil angeitambua sababu.